Mikono Iliyoujua Usukani

Ijumaa ya pili ya Novemba 1994 nilipanda Newala na gari la marehemu mume wangu, Land Rover ambayo ukoo wake uliniachia mimi, mke mkubwa, kwa sharti kwamba ibebe korosho za Masasi na za Newala. Newala alikuwako mke mwenzangu. Nilikusudia kumwonyesha gari ni la nani.

Katika kona za mlimani usukani ulianza kucheza bure. Dereva aliuzungusha robo nzima kabla magurudumu hayajajibu. Tulipofika alisema hateremki tena na gari hilo, akaniacha kwa fundi na kwenda kuswali.

Fundi alilala chini ya gari. Alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti na kuuchezesha usukani, ili yeye aguse viungo vya tairodi, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, ajue kipi kimelegea. Nikapanda mimi. Nikauzungusha kwa nguvu zangu zote.

“Mama, utanikata vidole,” alisema. “Muiteni mama wa hapa. Yeye anajua.”

Mke mwenzangu alikuja na unga wa muhogo mikononi. “Shikamoo dada.”

“Marahaba.”

Nikashuka, akapanda. Hakuzungusha kitu. Aliutikisa usukani kidogo tu, kushoto na kulia.

“Hapo,” fundi alisema.

“Cha kushoto, cha nje?”

“Hicho hicho.”

Nilimuuliza amejulia wapi. “Kwa marehemu mume wetu,” alijibu. “Kila mwisho wa mwezi alilala chini na grisi yake, mimi nikatikisa. Hakukueleza?”

Hakunieleza. Mwisho wa mwezi nilikuwa nikiambiwa kuna kikao cha ukoo. Mimi alinipeleka darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nikatembea Mkomaindo yote, mtaa wetu wa Masasi, kwa majivuno kwamba ndimi mke aliyesomeshwa. Nilipotaka kugusa usukani aliniambia gari halichezewi. Zamu zake za kulala Newala nilikwisha kuzizoea. Kiti kile sikukizoea, na wivu ulinipanda.

Fundi alihesabu mizunguko akifungua kiungo cha zamani, ili kipya kiingie kwa urefu ule ule na magurudumu yasitazamane. Kiungo kipya kilipatikana duka la jirani. “Miaka ile ya kununua vipuri kwa vibali tungekisubiri mpaka korosho zioze,” alisema. Alifunga nati, akachomeka pini, akapaka grisi, akaomba usukani utikiswe tena.

“Ashuke,” nilimwambia fundi. “Nitatikisa mimi.”

Mke mwenzangu hakushuka. Alisogea kiti cha pili. “Kaa, dada. Usiuzungushe. Fanya kama unapepeta mchele, usitake kumwaga.”

“Kupepeta nilijua kabla hujazaliwa.”

“Ndiyo maana nimekukumbusha hilo, si lingine.”

Fundi alicheka kule chini. Nikatikisa. Nikatikisa tena.

“Kimekaa,” alisema. “Mkono mzuri huo, mama.”

“Mzuri kuliko wangu,” mke mwenzangu alisema, na kwa kuwa alisema kweli bila kejeli, nilimchukia zaidi.

“Kuanzia sasa grisi itapakwa Masasi,” nikamwambia.

Alipangusa usukani kwa ncha ya khanga yake, pale unga ulipobaki, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. “Sawa, dada. Gari ni lako. Korosho zangu zije zichukuliwe.”

Dereva alirudi, tukateremka. Gari lilikwenda limenyooka, na kila kona alilisifia. Nyumbani nilimwambia ashuke aniachie ufunguo. Nikakaa kwenye kiti chake, nikautikisa usukani kushoto na kulia. Hakukuwa na kiungo kilicholegea, wala mtu chini aliyenihitaji.