Jina Katika Kila Mstari

Niliisikia kabla sijaelewa maneno yake: sauti ya kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, ikikwaruza kutoka upande wa soko la Ujiji, ikififia nyuma ya nyumba, kisha ikirudi karibu zaidi. Ilipofika dirishani kwangu ilikuwa wazi. Wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi waripoti. Anayewahifadhi atachukuliwa hatua.

Kompyuta ilikuwa mbele yangu. Siku mbili kabla, takwimu za utafiti wangu wa uzamili zilikuwa zimewekwa mtandaoni, mtu yeyote duniani azisome bila kuomba ruhusa. Vipimo vile vya kina cha ziwa, vya kila asubuhi, sikuvipima mimi. Alivipima mzee mmoja mkimbizi aliyevuka kutoka ng'ambo ya ziwa, akapanga chumba mtaa wa Bangwe, kando ya maji, badala ya kubaki kambini. Kwao alikuwa mpimaji wa maji, na alikuja na desturi ya kazi ile: kila mstari wa daftari aliumalizia kwa jina lake kamili, kijiji alichotoka na mahali aliposimama.

Msimamizi wangu alitaka badala ya jina lake tuandike "msaidizi" tu. Nilibishana naye wiki nzima. Mzee alipopata habari alicheka, akaniomba jina lake libaki.

"Mama, ama mnataka dunia ifikiri ziwa inajipima yenyewe?"

Nikashinda. Nilinakili kila neno, kwa uaminifu niliojivunia. Sasa nilizisoma safu zilezile kwa jicho la mtu mwingine, nikaona orodha ya asubuhi zote ambazo mkimbizi mmoja hakuwa kambini.

Kulifuta jina ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini kulifuta bila kumwuliza kungekuwa kumpokonya kitu pekee alichowahi kuniomba. Na kumwuliza kungekuwa kumtwisha hofu niliyoizaa mwenyewe. Niliwaza hivi, nikawaza vile, nikarudi nilipoanzia. Gari likapita mara ya tatu, likashika njia ya Bangwe.

Nikapiga simu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, kosa langu nikalitaja kwanza, nikamsihi atoke chumbani mle. 

"Toa jina," alisema. "Vipimo uache."

Kisha akaniuliza, kwa upole, kama pale palipokuwa na jina lake patabaki wazi au nitaweka langu.