Ndoo Mbili na Jumamosi za Bungoma

"Kati ya vumbi na kitambaa, ni kipi kinaharibu rangi ya gari?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, kabla sijapewa hata aproni. Aliyeuliza alikuwa Msimamizi wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani. Nilikuwa na shahada ya kemia na barua nyingi za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa. Nilisema sijui.

"Hata mimi sijui vizuri," akasema. "Nilitaka tu kuona kama utanidanganya. Chukua ndoo."

Sijazeeka, lakini kazi ile nimeshaiacha, na aliyeacha kazi ana ruhusa ya kusimulia kama wazee. Ilikuwa kampuni ndogo iliyotuma waoshaji kwenye nyumba za watu. Mteja alikuwa na bomba na uwanja, sisi tukaja na mikono na vifaa. Kila mmoja alikuwa na mitaa yake na alikwenda peke yake. Jambo hilo hawakulitaja waliponiajiri.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache. Ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu. Glavu ya manyoya laini. Vitambaa vya maikrofaiba, ambavyo nyuzi zake nyembamba hunywa maji bila kukwaruza. Na kopo la nta, mafuta magumu yanayopakwa juu ya rangi ili jua na maji viipate nta kwanza. Niliuliza ndoo mbili ni za nini wakati sabuni ni moja. Msimamizi alisema ndivyo inavyofanywa. Jibu la namna hiyo halijawahi kunitosha, kwa hiyo nilipomaliza gari la kwanza niliiacha ile ndoo ya maji matupu itulie, kisha nikaimwaga polepole. Chini kulikuwa na mchanga mwekundu, wa kujaza kiganja. Wote ulikuwa umetoka kwenye glavu nilipoisuuza. Kama ndoo ingekuwa moja, ningeurudisha mchanga ule kwenye mlango wa gari na kuusugua.

Hapo nikapata jibu la lile swali. Vumbi likikaa juu ya gari halidhuru kitu. Kitambaa kikiwa peke yake hakidhuru kitu. Rangi huharibika pale kitambaa kinapolikokota vumbi. Kwa hiyo gari hulowanishwa kwanza kutoka paani hadi chini, mchanga uondoke na maji kabla hujaligusa. Halioshwi likiwa na moto wa jua, maana sabuni itakaukia juu yake. Na likishasuuzwa hukaushwa mara moja kwa kulaza kitambaa na kukivuta taratibu, kwa sababu tone la maji likijikaukia lenyewe huacha chumvi zake, alama nyeupe ya duara ambayo baadaye haitoki kwa kupanguswa.

Nyumba za mtaa wangu, Milimani, zilikuwa tupu nilipokuja. Wenyewe walikuwa kazini, watoto shuleni. Msichana wa kazi angenifungulia geti na kurudi ndani kwenye televisheni yake. Ningebaki na mbwa aliyefungwa na sauti ya maji. Rangi nyeusi ikishakauka na kupakwa nta, unajiona ndani yake mzima mzima, na kwa siku nyingi huo ndio uso pekee uliokaa karibu nami. Jioni nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya soko na kugundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimesema maneno mawili tu, "hodi" na "nimemaliza".

Kilichonitoa Kitale ni pikapu ya mkulima mmoja wa karibu na Moi's Bridge. Alipiga simu akilalamika kwamba tumemkwaruzia gari jipya. Msimamizi akanituma.

"Angalia!" Mzee alinionyesha boneti. "Si ni kama imekunwa na paka? Nyinyi watu mmeniharibia gari."

Mikwaruzo ilikuwepo kweli, myembamba, yote imelala upande mmoja. Mkono wa mtu ukiosha huzunguka, na hii ilikuwa imenyooka.

"Mzee, ukiiegesha unaifunika na nini?"

"Turubai. Si lazima niikinge na umande?"

"Turubai gani?"

"Hiyo tunaanikia mahindi. Na nimeikung'uta, bana, usiniangalie hivyo."

Niliigeuza ile turubai nikapitisha kiganja upande wa ndani. Makapi, vumbi la shambani na vipande vya magunzi vilikuwa vimejishika kwenye nyuzi. Upepo ukivuma, turubai huteleza juu ya gari huku na huku, na vyote hivyo vinasugua. Nilimwambia amekuwa akiipiga msasa gari yake mwenyewe.

Alicheka mpaka mkewe akatoka nje. "Mama, njoo usikie! Ati mahindi yanatuumiza hata baada ya kuvuna!"

Nilidhani Msimamizi angefurahi. Aliniita akaniambia, "Wewe unauliza sana. Tumefungua tawi Bungoma. Enda ukaulize huko."

Bungoma sikumjua mtu. Nilizaliwa Kitale, kwenye nyumba za kupanga ambazo majirani walihama kila msimu, na tulilelewa kwamba huendi kwa mtu bila kuitwa. Meneja wa tawi alikuwa kijana aliyenukia marashi. Alinikabidhi mitaa ya upande wa Kanduyi akasema, "Huku watu wanaosha na sabuni ya unga, halafu wanapangusa na mafuta ya taa ing'are. Ukiwatoa kwenye hiyo, nakununulia soda." Ni kweli walifanya hivyo. Sabuni ya unga huondoa nta yote, na mafuta ya taa hung'aa mpaka gari lifike barabarani, ambapo vumbi lote la Bungoma hujishika juu yake. Kueleza nilieleza, lakini soda sikuiona.

Mteja wangu wa Jumamosi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Madam. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wake walikuwa mbali, na nyumbani alikaa na msichana wa kazi aliyeitwa Nanjala. Alikuwa na gari la rangi ya damu ya mzee, ambayo huonyesha kila alama, na alilipenda kwa wivu.

Mara ya kwanza alisimama kando yangu mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

"Mbona unaanza juu?"

"Uchafu unashuka, Madam. Nikianza chini nitaosha mara mbili."

"Umesomea wapi kuosha?"

"Nimesomea kemia, Madam. Chuo kikuu."

"Ehe! Nanjala, tumeletewa profesa wa matope!" Kisha akaniangalia vizuri. "Basi Kemia, niambie. Mavi ya ndege ina nini inakula rangi hivyo?"

Nilimweleza kuhusu asidi, na kwamba dawa ni kuyalowesha kwa kitambaa chenye maji mpaka yalainike, si kuyakwangua kwa ukucha. Aliuliza swali jingine. Nami nikauliza langu. Chai ililetwa barazani, na Jumamosi iliyofuata ililetwa pamoja na viazi vitamu. Baada ya wiki kadhaa tulikuwa tukikaa jikoni wote watatu, ugali katikati, Madam akibishana nami kama maji ya kisima na ya mvua yanaosha sawa.

"Ya mvua haina chumvi," ningesema.

"Nani alionja?"

"Mimi."

"Nanjala, si nilikwambia huyu mtu ni mgonjwa?"

Sikumwambia mtu, na sikuwa na wa kumwambia, lakini wiki yangu ilikuwa siku moja. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa nilikuwa ninaelekea Jumamosi.

Kisha Meneja akaja na seramiki. Ni dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi, ikaganda na kuwa kama kioo chembamba. Alisema gari lililopakwa halitaki tena kuoshwa kila wiki. Ukilimwagia maji tu uchafu unateremka, na nta utaisahau. "Anzia kwa yule mama wa Kanduyi," akaniagiza. "Anakuamini."

Kwa sababu ananiamini sikutaka kumuuzia maneno. Nilimwomba Madam ruhusa, nikaigawa boneti yake kwa utepe wa karatasi, nusu moja nikaipaka seramiki na nyingine nikaipaka nta yetu ya kawaida. Kila Jumamosi tuliinama pamoja kuangalia. Mvua ilinyesha, Madam akaenda na gari Malakisi kwenye mazishi, akarudi limejaa tope jekundu kotekote. Nilipomwaga maji, upande wa seramiki tope liliteleza likaisha. Upande wa nta liling'ang'ania.

Niliijaribu seramiki kwa sabuni kali. Niliiacha juani. Nilitafuta kosa kwa bidii ambayo haikuwa ya kisayansi, kwa sababu nilikwisha kupiga hesabu. Ikiwa dawa ile inafanya kazi, kuosha gari la Madam kutakuwa kazi ya Nanjala na mpira wa maji. Sitakuwa na sababu ya kuja.

"Haya, Kemia," Madam akasema Jumamosi moja. "Tumeangalia vya kutosha. Hii kitu inafanya kazi, ama ni mdomo wa Meneja?"

Ningeweza kusema bado sina hakika. Nani angenilaumu? Mtu wa kuuliza maswali daima ana moja lililobaki. Nilitazama ile nusu ya boneti, matone yamesimama juu yake kama shanga, nikajua kwamba nikisema uongo hapo, mabishano yetu yote ya jikoni yatakuwa uongo pia.

"Inafanya kazi, Madam."

"Uko sure?"

"Nimejaribu kila njia ishindwe. Imekataa."

"Basi paka."

Ilichukua siku nzima, chini ya banda lake la mabati. Niliosha, nikakausha. Nikapitisha udongo maalumu, laini kama unga wa chapati uliokandwa, unaonasa chembe ambazo maji hayatoi. Nikapangusa kwa spiriti ili pasibaki mafuta. Kisha dawa yenyewe, matone machache kwenye sifongo, kipande cha ukubwa wa sinia kwa wakati mmoja, na kuipangusa kabla haijakauka, maana ikishaganda na michirizi ni msasa tu utakaoitoa. Madam alikaa kwenye kiti mlangoni bila kuuliza swali hata moja. Nilimfundisha Nanjala: ndoo mbili, kivulini, kitambaa hiki na si kile cha kupangusia meza.

"Sasa si nimekuwa profesa pia?" Nanjala akasema. Hakuna aliyecheka sana.

Tulikula. Nikakusanya ndoo zangu. Madam alinisindikiza mpaka getini.

"Haya," akasema.

"Haya, Madam."

Nilisubiri kidogo aseme kitu kingine, kama vile tuonane Jumamosi. Hakusema. Nikaenda.

Meneja alinipa mteja mwingine wa Jumamosi, daktari wa meno aliyeacha ufunguo chini ya chungu cha maua. Nambari yangu Madam alikuwa nayo. Niliweka simu juu ya ndoo nikiwa nafanya kazi ili nione ikiwaka. Mara moja nilipita karibu na nyumba yake, nikaona paa la gari likimeta juu ya ua, nikapunguza mwendo, kisha nikaendelea. Mwosha magari akija bila ndoo ataulizwa anataka nini, na sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema mbele ya geti. Nilijiambia kwamba alikuwa mteja, kwamba chai ni chai tu, na kwamba mtu mzima asiyepigiwa simu anapaswa kuelewa.

Niliiacha kazi nilipopata nafasi ya kutunza maabara ya shule, huku Kitale. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mna mashine za kupuliza maji na dawa ambazo sisi hatukuzijua. Sawa. Lakini jaribuni kila kitu wenyewe kabla ya kumwambia mteja, na matokeo yakija msiyapindishe, hata kama yanawatoa kazini. Hilo bado naliamini. Juu ya upweke wa kazi sina ushauri. Niliwahi kudhani unatokana na nyumba tupu. Siku hizi maabara yangu ina kelele za watoto kuanzia asubuhi, na bado kuna Jumamosi ambazo sijui nizipeleke wapi.

Mwaka huu nilikutana na Nanjala sokoni Kitale, ameolewa huku, mtoto mgongoni. Aliniambia Madam alizikwa mwaka uliopita. Nilimpa pole. Alinitazama bila urafiki.

"Na wewe ulituacha hivyo tu. Kwani tulikukosea nini?"

"Mimi? Nanjala, Madam hakuniita hata siku moja."

"Akuite?" Alishangaa kwa dhati, akamsogeza mtoto mgongoni. "Si mimi nilimwambia akupigie, akanigombeza! Ati kwao mtu akishakula jikoni haitwi tena. Ukimwita, ni kama unamwambia bado ni mgeni."