Wembe wa Abasi Kwenye Semina ya Madaktari

Kabula Silasi aliweza kuchora ini likaonekana lina huzuni. Kipaji hicho alianza nacho kijijini kwao Puge, akiwachorea watoto wa katekisimu picha za manabii, na manabii wake wote walikuwa na sura za majirani. Yona wake mmoja alimuudhi mzee fulani mpaka akahama benchi kanisani. Alipokuwa muuguzi mjini Tabora, akawa mchoraji wa mabango ya wodini: nawa mikono, funika chakula, usimpe mwanao dawa ya mtoto wa jirani.

Ndiyo maana Daktari Reveriani, bingwa wa magonjwa ya ndani, hakuhangaika kutafuta mtu. Alitaka kuwafundisha madaktari wa wilayani habari za wanaume waliopungukiwa homoni ya kiume, ile testosteroni, na jinsi ya kuwarudishia kwa tiba bila kuwaharibu. Alimkuta Kabula anakunywa chai.

"Dada Kabula, nichoree kitu ambacho hata daktari aliyetoka zamu atakielewa."

Kabula akachora miezi minane. Zikatoka kadi ishirini na mbili, kubwa kama kalenda za ukutani. Kulikuwa na kadi ya damu inayochukuliwa asubuhi kabla ya saa nne, tena kwa siku mbili tofauti, kwa sababu homoni hiyo hushuka kadiri siku inavyokwenda, na kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Kulikuwa na ya mwanaume anayetaka mtoto karibuni, imepigwa mstari mwekundu: huyu usimwanzishie, tiba itamkaushia mbegu. Kulikuwa na kadi ya tezi dume, aliyoirudia mara sita kwa sababu kila aliyeiona aliuliza hilo ni boga la wapi.

Wenzake walidhani anatafuta cheo. Kumbe alikuwa anamchorea kaka yake, Samweli. Kwa miaka sita Samweli alikuwa analala mchana katikati ya msimu wa kulima. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo ambavyo hakuwa navyo. Watu walisema ni mvivu, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kabula mwenyewe. Mpaka siku daktari mmoja alipomuuliza yale ambayo wengine wote waliyaruka, damu ikapimwa, chanzo kikajulikana kuwa ni homoni hiyo hiyo. Sasa hivi Samweli analima mpaka jirani zake wanamwomba apumzike, anawaaibisha. Lakini ile miaka sita hairudi, na Kabula hakutaka mtu mwingine aibiwe yake kwa sababu tu daktari kaona haya.

Jumanne, siku tatu kabla ya semina, kadi zikajaribiwa kwa madaktari watatu. Reveriani alikuwa ameshaweka sharti: zikishindwa, Ijumaa zitatumika slaidi. Slaidi zilikuwa mia moja na arobaini, zote za Kiingereza, kazi ya mtaalamu ambaye Tabora anaijua kwenye ramani, na zilipangwa kuonyeshwa mara baada ya pilau. Hapo hata projekta ingesinzia.

Kwenye dozi madaktari walitiririka kama maji. Tatizo lilianza alipoletwa mlinzi wa getini aigize mgonjwa. Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa Daktari Julieth, binti wa miaka ishirini na saba kutoka Nzega.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Una shida gani?"

"Nachoka tu, mwanangu."

Julieth akatazama kadi. Akatazama dari. Akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na msaada wowote. "Na... nyumbani hawajambo?"

"Wazima kabisa."

"Basi nitakuandikia vitamini."

Wa pili aliagiza picha ya kiuno. Wa tatu alijifanya simu inaita.

"Michoro mizuri," Reveriani alisema walipobaki wawili. "Ila umewafundisha jibu la swali wasiloweza kuliuliza."

"Nipe mpaka Ijumaa asubuhi, Daktari."

"Slaidi zimeshafika, dada."

"Usiponipa, bango langu lijalo la kuhara litakuwa na sura yako."

Akapewa.

Jumatano jioni Kabula alipita mtaa wa Gongoni akirudi nyumbani, na pale ndipo palipo na kiti cha Abasi kinyozi. Abasi ni Mzaramo, babu yake aliletwa Tabora na kazi ya reli. Kabula ni Mnyamwezi. Toka enzi za misafara ya pwani watu wa makabila hayo mawili ni watani, wana ruhusa ya kutukanana mchana kweupe na hakuna wa kumpeleka mwenzake popote.

"Huyoo, mpagazi anapita!" Abasi alipaza sauti. "Leo mbona kichwa kitupu? Pwani wameukataa mzigo?"

"Sisi tulibeba pembe, wewe babu wa babu yako alikaa njiani anatuuzia maji ya dimbwi huku anaapa ni ya kisima."

"Na mkanywa! Kaa hapo, uso wako unanifukuzia wateja."

Kabula akakaa kwenye benchi, akamweleza yote. Abasi alisikiliza huku mteja wake akiwa na povu shavu moja.

"Kwa hiyo wasomi wazima wanashindwa kumuuliza mwanaume mambo ya chumbani?"

"Tatizo ni shikamoo, Abasi. Ukishaitoa umekuwa mtoto wake. Mtoto gani anamuuliza baba habari za kitandani? Nami siwezi kuwaambia waache kuamkia watu."

"Nani kakwambia waanzie kitandani? Mimi kwenye kiti hiki naambiwa mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia. Unajua naanzia wapi? Kwenye ndevu. Namwambia, mzee, zamani ulikuwa unakuja kila Jumamosi, siku hizi nakuona mara moja kwa mwezi, kulikoni? Anacheka, anasema zimegoma kuota. Namuuliza, na jembe? Anasema mikono nayo imegoma. Usingizi? Analala anaamka amechoka. Halafu nanyamaza, nafuta wembe wangu taratibu. Ya chumbani anayaleta mwenyewe. Mimi hata hodi sijapiga."

"Kweli kabisa," alisema mteja mwenye povu, halafu akajuta, akafumba macho.

Kabula akapigwa na butwaa. Ndevu alikuwa nazo! Zilikuwa kwenye kadi ya tisa, dalili ya nne kwenda chini, maandishi madogo kama sisimizi. Alikuwa ameandika kila kitu kwa mpangilio wa kitabu, na hakuna mgonjwa anayeumwa kwa mpangilio huo.

"Abasi, Ijumaa unakuja hospitali."

"Kunyoa nani?"

"Kuwa mgonjwa."

"Haa! Wabebaji leo wanatafuta wa kumbebesha!"

Alhamisi nzima Kabula alichora. Kadi ya kwanza sasa ikawa wembe peke yake, mkubwa, unang'aa. Ya pili jembe. Ya tatu mto wa kulalia. Ya nne haikuwa na mchoro wowote, ila maneno mawili: Nyamaza. Ngoja.

Ijumaa madaktari kumi na wanane walijaa ukumbini, projekta imeshawashwa kabisa, inapumua joto. Reveriani akampa Kabula nusu saa. Abasi aliingia na kanzu na kofia, akaanza kuugulia toka mlangoni.

"Bado hujaulizwa!" Kabula alimfokea.

"Mgonjwa wa kweli hangoji zamu!"

Ukumbi ukacheka. Julieth akaitwa mbele, akaketi, mikono imekamatana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wembe mmoja siku hizi unakutosha muda gani?"

Abasi akajishika kidevu. "Aa, mwanangu, mpaka unapata kutu. Ndevu zimegoma."

"Na shambani?"

"Nalima tuta moja, nakaa juu yake."

"Usingizi?"

"Nalala kama gogo, naamka kama gogo."

Julieth akafika kadi ya nne. Akanyamaza. Feni ilizunguka. Mtu aliangusha kalamu na hakuinama kuiokota. Hata Abasi, ambaye Gongoni nzima haijawahi kumsikia kimya, alikaa kimya.

"Mwanangu," akasema mwishowe, polepole, "na kule chumbani nako kumelala. Mwaka sasa. Mama yenu hasemi neno, ila siku hizi tunalala na redio katikati."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Julieth hakucheka. Alikuwa ameshainama mbele.

"Pole, baba. Mnataka mtoto mwingine?"

"Tunao saba, mwanangu, tuhurumie."

"Basi uje Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi tuchukue damu, na siku nyingine tena turudie. Tutapima na wingi wa damu, tutaangalia na tezi. Dawa tutazungumza majibu yakishatoka."

Reveriani akainuka, akaenda ukutani, akachomoa waya wa projekta. Wengine kumi na saba wakaanza kusukumana kwenda kukaa mbele ya Abasi, na hakuna aliyeandika vitamini.

Wakati wa chai Kabula alikuwa peke yake barazani, ana andazi mkononi na furaha isiyo na pa kukaa. Akaja Daktari Wilbroad wa Urambo, mtu wa miaka hamsini na tisa, mkubwa kuliko wote ukumbini.

"Muuguzi, lile la wembe umelitoa kitabu gani?"

"Kwa kinyozi, Daktari."

Akacheka. Lakini hakuondoka. Alisimama pale anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kabula akamtazama kidevu, laini kama kijiko. Akaweka andazi chini.

"Shikamoo, Daktari," alisema, ingawa asubuhi walishasalimiana.

"Marahaba."

"Wembe mmoja siku hizi unakutosha muda gani?"

Daktari Wilbroad akatazama uwanja, akatazama kikombe. Kabula hakuongeza neno. Abasi alitokeza barazani kudai maandazi yake, akawaona, akarudi kinyumenyume. Kisha Daktari Wilbroad akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema, na Kabula akamsogezea sahani.