Kilatini cha Kusimama na Mtu

Majina ya wote waliokuja matangani ninayo kichwani, hata ya wale waliokuja kula tu. Sitayaandika. Itoshe kusema tulimzika mzee wangu Jumamosi, nyuma ya nyumba yetu hapa Kapseret, na Jumanne ikawa siku ya kunyolewa wafiwa. Siku hiyo, kwetu Waluhya, nguo za marehemu hugawiwa, na mjane husimama mbele ya watu akaeleza mgonjwa alivyougua na alivyokata roho.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Silii. Tangu hospitali sikuwa nimelia. Ndege zilipita juu zikienda kutua, nikazisikia kama ziko kwa jirani, hazinihusu.

Kitindamimba wangu alikuwa mezani na makaratasi yake. Yeye ni padri, anafundisha Kilatini seminari. Nilimzaa mimi lakini namwita Fada kama wengine. Alikuwa anaandalia wanafunzi wake kitabu kidogo: misemo ya Kiingereza ya kukaa, kusimama na kutembea, na namna ya kuisema kwa Kilatini. Sijui kama kazi ilikuwa ya haraka ama alikuwa anajificha humo.

"Mama, Mwingereza akisema mtu amekaa juu ya ua, maana yake hajaamua yuko upande gani."

"Ua gani? Huu wetu wa kayaba?"

"Ua wowote."

"Na miiba yote hii? Huyo ataamua haraka sana."

Alicheka. Niliona meno yake, basi. Akasema wanafunzi hutafsiri neno kwa neno, mpaka Mroma akisoma atainua macho kumtafuta huyo mtu juu ya ua. Kwa Kilatini unasema tu anasitasita. Anayeburuta miguu, unasema anakawia. Mimi niliishia darasa la tatu. Kilatini changu ni kile cha misa ya utotoni. Hatukukielewa, tulijua tu sauti ya padri ikishuka tunapiga magoti.

"Na huu," akasema. "Kusimama na mtu. Wakati wa shida."

Ndilo neno walilonipa matanga yote: Mama Fada, ulisimama na mzee mpaka mwisho. Wifi yangu mkubwa alilisema mbele ya jeneza, kwa sauti.

"Kilatini chake?" nikauliza.

"Adesse. Kuwa hapo karibu. Hata ukiwa umekaa, bora uko."

"Na kama hukuwa hapo?"

Aliweka kalamu chini.

Nikamwambia. Wiki tatu nililala kwa benchi ya wodi. Asubuhi ile nilifua pajama zake kwa mfereji wa nyuma, nikazianika, nikakaa kuzilinda, maana nguo za wagonjwa huibiwa. Nilizilinda mpaka zikakauka. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya.

"Kesho nitawaambia nini?"

"Sema alilala tu. Si uongo, Mama. Hakuna anayejua."

"Wewe sasa unajua."

Hakuandika tena siku hiyo.

Jumanne watu walijaa uani. Wifi yangu alikuwa na wembe na beseni la maji.

"Mama Fada, simama tukuone! Ama miguu nayo umeizika?"

Watu walicheka. Sikusimama. Niliongea nikiwa nimekaa. Nilieleza kikohozi, gari tulilokodi, dawa, benchi. Halafu nikasema, "Alikufa mimi nikiwa nje, nalinda nguo."

Niliangalia uso wa kila mmoja, jina kwa jina. Fada alikuwa mlangoni, ameangalia chini.

Wifi yangu akauliza, "Zilikauka?"

"Zilikauka."

"Ziko wapi?"

"Kwa begi ya hospitali. Chumbani."

Aliingia mwenyewe. Alirudi nazo zikiwa zimekunjwa vile nilizikunja. Nilifikiri atazitupa kwa rundo la nguo za kugawa, lakini aliniwekea mapajani.

"Hizi hazigawiwi," akawaambia watu. Akachuchumaa nyuma yangu, nikasikia pumzi yake kwa shingo. "Na wewe inamisha kichwa."

Nikainamisha. Wembe ulikuwa baridi. Hiyo baridi niliisikia.