Mtandao Uliokuwa Ukipotea Jumanne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bisibisi na brashi ya kupaka rangi. Bisibisi niliielewa. Brashi ilinishangaza, maana nilikuwa nimeajiriwa fundi wa kompyuta katika idara ya kilimo ya chuo kikuu kimoja hapa Meru. Fundi mkuu, Bwana Mutwiri, alifungua ubavu wa kompyuta iliyokuwa na tabia ya kujizima yenyewe, akanionyesha feni ndogo inayopoza kichakataji, kile kipande kinachofanya hesabu zote za mashine. Ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama koti.

"Wewe ukizibwa pua utafanya kazi?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Mutwiri."

"Basi hata hii. Piga brashi."

Bwana Mutwiri hakupenda kuletewa majibu. "Niletee ulichoona," alikuwa akisema. "Jibu tutalitafuta pamoja." Kwa hiyo nilijifunza kutazama. Skrini ikiwa nyeusi, nilifuata waya mpaka ukutani, nikakuta mtu ameuchomoa apate pa kuchomeka birika la chai. Printa ikigoma, nilikagua foleni ya kazi zilizotumwa, nikakuta ripoti moja nene imeziba njia ya nyingine zote. Kompyuta ya mhadhiri mmoja ilitambaa kama kinyonga kwa sababu diski yake ilijaa video za harusi ya dada yake. Matatizo mengi ya kompyuta ni ya namna hiyo. Nilistaajabu kila mara, na bado nastaajabu, jinsi kitu kidogo kinavyoweza kusimamisha ofisi nzima.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa chuo kingine upande wa Embu. Mwenyekiti wa idara alikuwa Profesa Wanja, mama wa Kibugu aliyebobea katika elimu ya udongo. Alinimiminia chai kabla hajanionyesha ofisi.

"Madam Karimi," akasema, "hapa mtandao hupotea Jumanne. Si kila Jumanne, na si kwa kila mtu. Aliyekutangulia alibadilisha kebo zote akachoka."

Nilikiri moyoni kwamba nilifurahi. Tatizo lenye siku yake ya wiki lilikuwa geni kwangu.

Jumanne yangu ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili ilikuwa siku ya Kendi, mwanafunzi wa uzamili kutoka Laare, kutetea tasnifu yake. Mtahini wa nje alikuwa ng'ambo na angemsikiliza kwa video, kisha aende kupanda ndege. Kikao kikivunjika, Kendi angekosa mahafali ya mwaka ule. Wazazi wake walikuwa wamekuja, wameketi kwenye benchi la nje wamevaa nguo za kanisani.

Niliwasha kompyuta ya ukumbini. Mtandao hakuna. Nikaizima, nikaiwasha tena. Hakuna.

Kendi alisimama kando yangu akikunjakunja karatasi zake. Mama yake alichungulia mlangoni. "Mwalimu, hiyo mashine iko na nini?"

"Sijui bado, mama," nikamwambia. Ndiyo ilikuwa kweli.

Profesa Wanja akanivuta koridoni. "Sisi watu wa udongo, shamba likikauka upande mmoja, tunauliza: huu upande umetofautiana wapi na ule? Twende tuulize."

Tukapita mlango kwa mlango. Karani alikuwa na mtandao. Mhadhiri wa mbegu hakuwa nao. Wa mifugo alikuwa nao. Nikaanza kuwauliza waliwasha mashine saa ngapi, na hapo picha ikajitokeza: waliowasha asubuhi mapema walikuwa sawa, na waliochelewa ndio waliokosa.

"Kuna kitu kimeingia katikati," akasema Profesa.

Kompyuta ikiwashwa huomba anwani, yaani namba ya kujitambulisha kwenye mtandao, kama mgeni anavyoomba chumba mapokezi. Idara ilikuwa na kifaa kimoja cha kugawa namba hizo. Nikarudi ukumbini nikasoma namba iliyopewa mashine yetu. Haikuwa ya kwetu. Mahali fulani kwenye jengo kulikuwa na mapokezi ya pili, yanayowapa wageni vyumba visivyo na njia ya kutokea.

Nikafungua kabati la swichi, sanduku linalokutanisha kebo zote za jengo. Nilikuwa nikichomoa kebo moja, Profesa anaiwasha upya mashine ya ukumbini, kisha anaita, "Bado." Nikairudisha, nikachomoa nyingine. Bado. Nyingine tena, bado. Kebo iliyofuata, akaita, "Madam, imekubali."

Kwenye skrini, mtahini wa nje alikuwa tayari amevaa koti lake. Kendi alianza akisoma karatasi zake neno kwa neno, akaeleza habari za udongo wa Nyambene, na alipofika kwenye matokeo yake alikuwa amesahau kuogopa. Alipita. Baba yake, mkulima wa miraa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ile kebo iliingia ofisi ya Daktari Ireri, mmoja wa watahini, ambaye wakati huo wote alikuwa ameketi ukumbini akisubiri nasi. Nilipomweleza, alishika kichwa.

"Ni ruta yangu ya nyumbani," akasema, yaani kifaa cha kusambaza mtandao, nacho hugawa anwani zake chenyewe. "Ofisi yangu haifikiwi na Wi-Fi. Nikiwa na darasa Jumanne naileta. Sikujua inawaumiza wengine."

Profesa Wanja hakumgombeza. Aliagiza ofisi ile iwekewe kifaa chake cha Wi-Fi, na mambo yakatulia.

Sasa nimestaafu, naishi Kianjai na maharagwe yangu. Vijana hunieleza kwamba mashine za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Huenda. Lakini iko kompyuta moja katika maabara ya mimea kule Embu iliyonishinda. Hukwama mvua inapoanza, na huamka mvua ikikatika, ingawa nilikagua umeme, kebo na hata paa. Jana fundi aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu kunijulisha kwamba mvua zimeanza na imekwama tena.

Kesho nashuka Embu. Hakuna aliyenituma.