Kikapu Kilichoninyoosha

Mtu mwenye tai ambaye hajawahi kuchuma chai hana haki ya kuwafundisha wachumaji kubeba vikapu. Mimi nilikuwa na tai. Kazi yangu ni kutibu migongo kwa mazoezi, na wiki jana nilifika kituo cha kupimia majani karibu na Birongo, kuwagombeza akina mama wanaobugia tembe za maumivu kama njugu.

"Hata mkizimeza zinatoka na mkojo!" nikafoka. "Mvua inazipeleka mtoni, samaki wanadhurika. Mgongo unataka mazoezi tu. Nipeni kikapu niwaonyeshe."

"Daktari, hayo majani yamenyeshewa," akanionya Mama Kemunto, mwenye kikapu. "Ni mazito."

Nikacheka kwa dharau, nikakivaa mgongoni, nikainuka kwa madaha. Kiuno kikalia ka! Nikabaki nimeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, siendi mbele wala nyuma.

"Mama," nikanong'ona, "tembe unazo?"

Akafungua pindo la leso, akanipa, watu wote wakitazama.

"Meza, daktari. Ila ukishikwa na mkojo, vumilia mpaka ufike kwenu. Mto huu ni wetu."