Kigingi cha Baba

Baba yangu ni mzee wa kanisa kule Bujonde, na somo alipendalo ni Farao. Ukimsikia akieleza jinsi mfalme yule alivyoonywa, akaahidi kuwaachia watu, akapata nafuu, akageuka, utadhani walikaa kijiji kimoja. "Shingo ngumu," husema, huku akijishika shingo yake mwenyewe.

Nyumba yake iko bondeni, jirani na mto. Mwaka mto ulipokula nusu ya mpunga, nilimsihi ahamie kwangu Ipinda, maana miguu ya mama ilikuwa imepooza na asingeweza kukimbia maji. Baba akachonga kigingi, akakipigilia mwisho wa shamba. "Maji yakifika hapa, mwanangu, tunahama."

Yakafika. Yalipopungua, baba aliking'oa akakisogeza kwenye kakao. Masika yaliyofuata yakafika kwenye kakao. Kigingi kikahamia migombani, kisha uani. Kila mara nilipanda bodaboda, nikabembeleza, nikarudi mikono mitupu. Nilichoka, jamani. Mwenyekiti wa kijiji naye alikwenda, akaambiwa yeye si nabii.

"Baba, na Farao je?" nilimuuliza siku moja.

"Farao hakuwa na kakao," akajibu, na mama akacheka kule kitandani. Alimcheka hivyo maisha yake yote.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa asiyesikia akiwa ndiye mkuu, guu huvunjika la nani? Asubuhi moja maji yalipita uani yakaingia ndani. Majirani walimkuta mama amelowa mpaka kifuani, baba amemkumbatia. Wakang'oa mlango, wakambeba juu yake. Kila aliyemshika, mama alimwambia "Ndaga," asante ya kwetu. Kifua kikambana, hakumaliza wiki. Tulimzika kwangu, penye mwinuko.

Baba alikaa kwangu mpaka matanga yakaisha, chakula anakiangalia tu. Nikajua sasa amesikia. Juzi nimeamka, hayupo. Nikamfuata Bujonde, nikamkuta anakandika kuta udongo mpya. Kigingi amekipigilia chumbani, pale kilipokuwa kitanda cha mama.

"Maji yakifika hapa," akaanza.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba Farao alimzika mwanawe, kisha akapanda gari lake la farasi akawafuata watu mpaka baharini.